Wa Arobaini na Moja

Kijiko kiligonga kikombe, mara moja tu, na Bibi akafumbua macho gizani kana kwamba mtu amepiga hodi.

Katika chumba kile vijiko havikuwa na tabia ya kugonga vikombe. Kwa miaka kumi na mmoja yeye na mjukuu wake walikoroga chai taratibu, kijiko kikizunguka katikati bila kugusa ukingo, maana ukuta ulikuwa mwembamba, na jirani asiye na kazi huanza kwa kuhesabu vikombe akamalizia kwa kuhesabu watu. Mlango waliufunga kwa kushika kitasa na kitambaa. Karatasi yoyote yenye majina yao, hata risiti ya dawa ya kikohozi, Bibi aliichoma jikoni na majivu yake akayamwagia maji. Mtu anayeishi bila kibali katika nchi ya watu hujifunza mambo haya mwenyewe, na mtihani wake hauna marudio.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema kwa sauti ya chini kutoka kitandani, "leo umeamka na ngoma?"

Mjukuu akacheka huku amejiziba mdomo. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na jiko, barua imefunguliwa magotini, akiisoma kwa mwanga wa moto uliokuwa ukichemsha maji. Barua ilikuwa imekuja jana, naye tayari alikuwa ameisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kulegea. Chuo kikuu cha umma kilikuwa kimempokea kusomea upimaji wa ardhi. Bibi hakujua kuna watu wanaokwenda chuoni kusomea kupima ardhi. Alidhani ardhi hupimwa kwa hatua na ugomvi. Lakini jana alimsikiliza mtoto akieleza hadi chai ikapoa, akasema basi vizuri, heri ugomvi upungue.

Ilikuwapo karatasi ya pili, na hiyo ndiyo iliyomfanya mtoto asahau adabu ya kijiko. Chuo kilikuwa na ada za aina mbili: ada ya mwenyeji, na ada ya mgeni ambayo ilikuwa mara nne ya ile ya kwanza. Miaka yote watoto wa watu kama wao waliwekwa kwa wageni, hata kama hawakuijua nchi nyingine yoyote, na hapo ndipo safari zao zilipokomea. Bibi angeweza kupiga pasi nguo za mji mzima hadi mji ukose kunyanzi, bado asingefikisha muhula wa kwanza. Mwaka huu kulikuwa na sheria mpya. Mtoto aliyesoma katika shule za nchi miaka kumi mfululizo angelipa ada ya mwenyeji, wala asingeulizwa kibali. Alete tu uthibitisho wa shule alizosoma, dirisha la tatu, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ada ya mwenyeji wangeiweza. Ingewatoa jasho, lakini wangeiweza.

Bibi alikaa kitandani akaanza kuhesabu miaka kwa vidole, akianzia mwisho kurudi nyuma. Sekondari minne. Shule ya msingi, kuanzia darasa la saba, la sita, la tano. Saba hiyo. Kisha la nne, la tatu, la pili, la kwanza. Kumi na moja. Walihitaji kumi, na mmoja ulizidi, kama kipande cha mkate anachoongezewa mteja mwema.

Ndipo mkono wake ukabaki hewani.

Ile miaka minne ya mwanzo haikuwa imeandikwa mahali popote. Na aliyeomba isiandikwe alikuwa yeye mwenyewe.

Mtoto alikuwa na miaka saba walipoingia katika nchi hii, wametoka kumzika mama yake, wakiwa na begi moja na blanketi. Mwisho wa mtaa palikuwa na shule ndogo, na mkuu wa shule alikuwa mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye mikono ya gauni, ambaye pia alifundisha madarasa ya chini kwa sababu walimu hawakutosha. Siku zile wakaguzi walikuwa wakizunguka shuleni kusoma madaftari ya mahudhurio. Wakiona jina lisilo na hati, walilifuata hadi nyumbani. Familia mbili za mtaa wa nyuma zilichukuliwa hivyo, alfajiri, hata mkate ukabaki mezani.

Bibi alikwenda kwa Mwalimu akasimama mbele ya meza yake. Alimwambia ukweli wote, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu uso wa yule mama ulikuwa wa kuambika. Aliomba mtoto akae tu nyuma asikilize. Asiandikwe. Aliomba kwa machozi, tena alirudia mara tatu: asiandikwe.

Mwalimu alifikiri kwa muda, akichokonoa chaki iliyoingia chini ya kucha. Mwishowe akasema kwamba daftari lake lilikuwa na majina arobaini, lakini dawati la nyuma lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi, na yeye hakuona sababu ya dawati kukaa pengo.

Kuanzia hapo, kila asubuhi, Mwalimu aliita majina arobaini na kuweka alama arobaini kwa wino. Kisha alifunga daftari, akainua macho hadi dawati la nyuma, na mtoto akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa hivyo tu. Kwa miaka minne hakusahau hata siku moja kuinua macho yale. Siku ya wakaguzi mtoto alitumwa kuchota maji, na maji ya siku hiyo yalikuwa mbali sana. Madaftari yake ya mazoezi yalisahihishwa kama ya wenzake, na alipokosea aligombezwa kama wenzake, jambo ambalo Bibi alilihesabu kuwa wema mkubwa kuliko yote. Mwalimu alimpa jina, Wa Arobaini na Moja, na siku moja mtoto alipoogopa askari njiani akafika shuleni anatetemeka, Mwalimu alimkalisha karibu yake akamnong'oneza, "Siku za mwizi ni arobaini. Wewe ni wa arobaini na moja, umeshavuka." Mtoto alirudi nyumbani akicheka, na wakalitumia neno hilo chumbani kwao kwa miaka, kila walipoogopa.

Mwisho wa kila mwaka Mwalimu aliandika ripoti ya mtoto kwenye karatasi pembeni, akaipiga muhuri wa shule na kuipeleka nyumbani kwa mkono wake. Bibi alizifuata alama kwa kidole, moja baada ya nyingine. Aliibusu ile karatasi. Kisha akaichoma. Zote nne alizichoma.

Mtoto alipofika darasa la tano, ukaguzi ulikoma kwa amri ya juu, na Mwalimu akamwandika kwa wino kama watoto wengine. Kwa hiyo miaka saba ilikuwapo, imeandikwa na kupigwa muhuri. Minne ilikuwa majivu.

Siku hiyohiyo, Bibi alipotoka kazini kwenye duka la dobi, walikwenda kwa Mwalimu. Alikuwa amestaafu, akiishi upande wa pili wa mji katika vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mume wake alikuwa ameangushwa na kiharusi. Alilala chumba cha ndani, na dirishani kwake chupa za dawa zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kubwa hadi ndogo, kama watoto gwarideni. Mwalimu mwenyewe alikuwa amepungua, lakini alipofungua mlango hakusita hata kidogo.

"Wa Arobaini na Moja," alisema. "Umerefuka bila ruhusa."

Mtoto alimwamkia, naye akaitikia marahaba ndefu, akawavuta ndani. Aliposikia habari ya chuo alikaa kwenye kiti akapiga mapaja yake makofi. Alisema dunia ina vituko: asiyeruhusiwa kusimama juu ya ardhi ndiye anayetaka kuipima. Wakacheka wote watatu, na kutoka chumba cha ndani mzee naye akatoa sauti, kwa kuwa watu wakicheka alipenda kuhesabiwa.

Bibi alipoeleza habari ya miaka minne, Mwalimu hakuuliza maswali mengi. Aliuliza sheria inasemaje, akaisoma karatasi mwenyewe kwa miwani iliyofungwa uzi. Alitazama kidogo mlango wa chumba cha ndani. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Alithibitisha kwamba mtoto huyu alikaa darasani kwake miaka minne, darasa la kwanza hadi la nne, kila siku ya shule isipokuwa siku sita za surua; na kwamba yeye, akiwa mkuu wa shule, hakumwandika katika daftari la mahudhurio kwa hiari yake mwenyewe.

Bibi aliyafuata maneno kwa kidole kama alivyozoea, akafika pale pa hiari, akasimama. Alisema hapana, si kweli, aliyeomba alikuwa yeye.

"Dada yangu," Mwalimu alisema, "kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?"

Akaikunja barua na kumkabidhi mtoto.

Siku ya Ijumaa walikuwa kwenye dirisha la tatu kabla ya saa sita. Mstari ulikuwa mrefu, watoto wengi wamekuja na baba zao, wengine wamevaa suti za kuazima. Bibi alikuwa amempigia mjukuu wake pasi gauni la bluu hadi mikunjo ikasimama kama kisu. Kwa kuwa ni mtu wa pasi, aliwatazama wote mstarini kwa nguo zao, na aliona akina mama kadhaa ambao nao walikuwa wameamka mapema kwa ajili ya kola.

Karani wa dirisha la tatu alikuwa kijana mwenye ndevu chache na sauti ya mtu aliyechoka kwa haki. Alipokea cheti cha sekondari, akagonga muhuri. Alipokea barua ya madarasa ya juu ya msingi, akagonga muhuri. Kisha akaichukua barua ya Mwalimu. Aliisoma, akairudia. Muhuri ulikuwa mkononi, naye akauweka chini.

Aliangalia kulia na kushoto, kisha akainama hadi paji la uso likakaribia kioo. Alimwambia Bibi kwamba hatamficha. Akiigonga muhuri barua hii, mtoto atapokelewa kwa ada ya mwenyeji, hakuna wa kumzuia, maana sheria inasema uthibitisho wa mwalimu unatosha. Lakini daftari la mahudhurio ni hati ya serikali, na hapa mwalimu amekiri kwa sahihi yake kwamba aliandika pungufu kwa miaka minne. Nakala ingekwenda ofisi ya elimu leo hii, na wale wa elimu walikuwa na utaratibu mmoja tu.

"Wanasimamisha pensheni kwanza," alisema. "Kuuliza wanauliza baadaye. Nimeshaona wawili. Mmoja bado anauliza yeye, mpaka leo."

Kisha akafanya jambo ambalo Bibi hakulisahau. Aliichukua barua ile, bado haina muhuri, akaisukuma polepole kurudi chini ya kioo. Aliwaambia watoke wakapumue. Yeye yupo hapo hadi saa kumi, wala hawatahitaji kupanga mstari upya. Wakirudi, waje moja kwa moja mbele, na mwenye kelele aje amwulize yeye.

Wakakaa kwenye ngazi za nje. Jua lilikuwa kali, na karibu yao wanafunzi wapya walikuwa wakipigana picha na vitambulisho vyao. Barua ilikuwa magotini mwa mtoto.

Bibi aliziona akilini zile chupa za dirishani kwa mzee. Alizihesabu moja moja, ingawa hakutaka. Aliziona halafu akaona mtoto wa miaka saba akienda kuchota maji ya mbali, na ripoti nne zikijikunja motoni, na mkono ulioziingiza motoni. Alikuwa mtu mzima aliyejitahidi maisha yake yote kutomdhuru mtu. Pamoja na hayo alifungua mdomo akasema.

"Ipeleke."

Mtoto akaitazama barua.

Bibi akaendelea, na baadaye, kila alipoyakumbuka maneno yale, alitamani yangekuwa yamesemwa na mtu mwingine. Alisema Mwalimu si mtoto. Alisema ameandika kwa akili yake timamu, hakulazimishwa, na pengine safari hii wale wa elimu watakuwa na huruma. Alisema watamsaidia dawa wao wenyewe, atapiga pasi hata Jumapili. Alisema pengine hakujua kitakachompata, na jambo ambalo mtu hakulijua si la kumlaumu aliyelipeleka.

"Alijua, Bibi," mtoto alisema. "Aliangalia mlango wa mzee kabla hajaomba kalamu. Wewe hukumwona?"

Bibi alikuwa amemwona. Yeye ndiye huona mambo kama hayo.

"Miaka minne aliniita kwa macho," mtoto akasema. "Nikiipeleka hii, nitamtazama kwa macho gani?"

Hakulia. Aliikunja barua pale ilipokunjwa na Mwalimu, asiongeze mkunjo mpya. Walikaa palepale, hawakuondoka wala hawakurudi ndani, kama watu wanaokaa na mgonjwa. Saa kumi kasoro kidogo Bibi alisimama, akaenda hadi mlangoni. Kutoka kule mbali karani alimwona. Alinyanyua nyusi, akauliza kwa uso tu. Bibi akatikisa kichwa. Karani akakaa kidogo na mkono wake juu ya pazia la chuma, kama anayewaongezea dakika mbili za kwake mwenyewe, halafu akalishusha.

Wiki ile tajiri wa duka la dobi, mtu ambaye kwa kawaida hakutoa hata kibanio cha nguo, alimwita Bibi nyuma ya mashine na kumwambia angeweza kumkopesha ada ya mgeni ya muhula mmoja. Bibi alimshukuru kwa mikono miwili. Hakumwambia kwamba muhula mmoja bila wa pili ni kama daraja linaloishia katikati ya mto. Wema wa mtu haupimwi kwa urefu.

Barua ya chuo mtoto aliichoma mwenyewe, na Bibi hakumzuia. Ya Mwalimu ilimshinda Bibi kuichoma. Aliiweka juu ya meza yake ya kazi, akatandika kitambaa juu yake, akaipitisha pasi ya uvuguvugu hadi ikanyooka, akaishonea ndani ya foronya yake. Miaka yote aliogopa karatasi. Hii ilikuwa karatasi pekee duniani iliyosema kwamba mtoto huyu alikuwapo, kila siku ya shule, isipokuwa siku sita za surua.

Mwezi haujaisha, mtoto akapata kazi. Kampuni ya usafi iliyohudumia chuo kikuu haikuuliza vibali, kwa sababu asiye na kibali hulipwa nusu na hashtaki. Alipangiwa kumbi za mihadhara za jengo la wahandisi. Kila siku alitoka alfajiri, ndoo mkono mmoja na dekio mkono mwingine, akaingia chuoni mapema kuliko mwanafunzi yeyote. Chumbani kwao kijiko kilirudi kwenye adabu yake. Bibi alilala akisikiliza kama kitagonga, na hakikugonga.

Jambo moja tu mtoto alilisimulia kuhusu kazi ile. Kwamba walimu wa jioni huondoka bila kufuta ubao, na kwamba kabla hajafuta huwa anasoma. Siku moja jioni alichukua kisu cha mkate na kikombe, akaviweka juu ya meza karibu na taa, akamwonyesha Bibi jinsi ya kujua urefu wa kilima bila kukipanda. Unasimama mbali. Unapima umbali kutoka ulipo, na pembe ambayo jicho lako linainukia kutazama kilele. Huhitaji kufika juu. Bibi alimsifu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari vimeoshwa.

Mwalimu alituma salamu kupitia mwanamke wa duka la vioo. Alikuwa anauliza mbona msomi wake kapotea, au chuo kimemfanya mkubwa. Salamu zilikuja mara ya kwanza, zikaja mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa lazima waende. Njiani Bibi aliuliza mtoto atasema nini. Mtoto alisema hatasema uongo hata mmoja, atajibu atakachoulizwa.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mzee alikuwa amepata nafuu kidogo, amekalishwa kwa mito. Chupa zilikuwapo dirishani, zote, na ile kubwa ilikuwa mpya. Bibi aliiangalia akajisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja.

Mwalimu alikuwa ameandaa chai na mkate, na maswali yake yalikuwa tayari kama ya mtihani. Aliuliza anafika chuoni saa ngapi. Mtoto akasema kabla ya wote. Mwalimu alifurahi, akamwambia mzee kwa sauti kubwa: kabla ya wote. Aliuliza ukumbi wao una viti vingapi. Mtoto akasema mia tatu na ishirini, na kumi na kimoja kati ya hivyo vimevunjika, akavitaja ni safu zipi. Mwalimu alicheka, akasema mwanafunzi wake hakuacha kuona. Aliuliza wamefundishwa nini. Mtoto akachukua kisu cha mkate na kikombe, akaeleza kilima, pembe na umbali, na alieleza vizuri sana, hata Bibi kwa dakika chache akasahau.

Mwalimu aliyafuata maelezo kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Alisema hilo la pembe halijamwingia, amwonyeshe tena. Mtoto akanyoosha mkono, na Mwalimu akaushika ili aweke kisu pale panapotakiwa.

Hakuuachia.

Aliugeuza polepole. Viungo vya vidole vilikuwa vimepasuka kwa sabuni kali, na katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imekuwa ngumu, mahali ambapo mpini wa dekio hukaa. Mwalimu alikuwa ameshika mikono ya watoto wa shule miaka thelathini na tano. Alijua mahali kalamu inapoacha alama.

Aliinua uso akamtazama Bibi. Bibi alijitahidi kuyabeba macho yale, yakamshinda, akainamisha kichwa akaangalia chai. Na hapo akajua kwamba Mwalimu amejua yote: dirisha, ngazi, na barua ilipolala.

Chumba cha ndani mzee alikohoa, na Mwalimu akainuka, akasema ni saa ya dawa. Walimsikia akifungua kifuniko, akimimina, akimwambia mzee ameze taratibu. Walimsikia akikaa kimya kule ndani muda mrefu kuliko dawa inavyohitaji. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na maji yalikuwa bado kwenye nyusi. Alimwongezea mtoto chai, akamkatia mkate kipande cha pili, akakipaka siagi hadi pembeni kabisa kama anavyopakiwa mtoto mdogo. Hakuuliza barua iko wapi. Hakusema ahsante, wala hakukemea, ingawa Bibi aliona midomo yake ikianza neno mara mbili na kulirudisha.

Walipoaga aliwasindikiza hadi mlangoni. Bibi alitangulia kwenye ngazi, kisha akageuka, kwa sababu hatua za mtoto hazikumfuata.

Mwalimu alikuwa amesimama amejishikiza kwenye fremu ya mlango. Aliinua macho, akayatua juu ya mtoto vilevile kama alivyofanya kila asubuhi baada ya kufunga daftari. Na mtoto, aliyekuwa sasa amempita kimo, akaitikia kwa kichwa.

"Jumapili uje tena," Mwalimu alisema. "Watakachoandika ubaoni wiki hii, mwanangu, kabla hujakifuta, ninakilie. Usiniachie dawati pengo. Uje."